Uzi: Nyotamkia ya muda mrefu ilitoka wapi, na itarudi lini? Kwa nini jibu huwa zaidi ya moja

#1 – Mwanzisha mada

Wanajukwaa, salaam.

Nyotamkia NEOWISE ilipoonekana kwa macho matupu Julai 2020, wengine walisoma kwamba mzunguko wake huchukua takriban miaka 4,500, na wengine wakasoma kwamba huchukua takriban miaka 6,800. Nimeona mabishano marefu kuhusu tarakimu hizo mbili, kila upande ukidai kwamba mwingine umekosea, ilhali zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inahusu mzunguko uliomalizika nyotamkia ilipofika karibu na Jua, na ya pili inahusu mzunguko ulioanza hapo. Nimefungua uzi huu ili tuelewane vizuri juu ya jambo hilo, kwa sababu naamini kwamba swali la "itarudi baada ya miaka mingapi" haliwezi kujibiwa kwa uaminifu mpaka kwanza tuulize: obiti ipi, ya tarehe ipi, na imepimwa kutoka kitovu kipi?

Ninayo sababu ya binafsi pia. Niliwahi kuchukua tarakimu za nyotamkia McNaught, C/2006 P1, ambayo ilifika karibu kabisa na Jua tarehe 12 Januari 2007, nikakuta eksentrisiti yake ni 1.000019. Eksentrisiti ni kipimo cha umbo la obiti: sifuri ni duara kamili, kati ya sifuri na 1 ni duaradufu, 1 kamili ni parabola, na zaidi ya 1 ni haipabola, yaani njia ya kitu kinachopita mara moja na kwenda zake. Basi nikaandika kwa uhakika wote kwamba nyotamkia hiyo imetoka nje ya mfumo wa Jua na hakuna atakayeiona tena. Nilikosea, na kosa hilo ndilo kiini cha mada hii.

Tuanze na namna obiti inavyopatikana. Picha ya darubini haituambii umbali wa nyotamkia wala kasi yake; inatuambia upande tu, yaani ilikuwa sehemu gani ya anga ikilinganishwa na nyota zilizo jirani nayo kwenye picha. Obiti ina mambo sita ya kutafutwa, na kila kipimo cha mahali angani kinatoa mawili, kwa hiyo vipimo vitatu vya usiku tofauti vinatosha kinadharia. Mwaka 1797 Wilhelm Olbers alitoa njia nyepesi ya kufanya hesabu hiyo kwa nyotamkia kwa kuchukulia tangu mwanzo kwamba njia ni parabola, hivyo akabakiwa na mambo matano tu ya kutafuta. Mwaka 1801 Gauss aliweza kuikokotoa obiti ya Ceres, sayari kibete iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, bila kudhani umbo lolote. Siku hizi vipimo vya waangaliaji wa dunia nzima hukusanywa na Minor Planet Center, kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za asteroidi na nyotamkia, na obiti inayochapishwa ni ile inayolingana na vipimo vyote kwa makosa madogo kabisa, si na vitatu pekee.

Dhana ya Olbers haikuwa uvivu. Karibu na Jua, mahali ambapo nyotamkia huonekana vizuri, duaradufu ndefu sana na parabola hazitofautiani ila kwa unywele. Kizio astronomia kimoja ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, takriban km milioni 150. Katika umbali huo kutoka kwenye Jua, kitu kinachofuata parabola huenda kwa kasi ya km 42.1 kwa sekunde. Nyotamkia yenye mzunguko wa miaka 4,000 ikipita umbali huohuo huwa imepungukiwa na mita 42 tu kwa sekunde. Nyotamkia yenye mzunguko wa miaka milioni 6 hupungukiwa na theluthi moja ya mita kwa sekunde, mwendo ambao hata mtoto anayejifunza kutembea anaushinda. Tofauti ya mwendo wa mtoto, iliyofichwa ndani ya kasi ya km 42 kwa sekunde, ndiyo inayoamua kama nyotamkia ilianza safari yake maelfu ya vizio kutoka hapa au makumi ya maelfu. Ninapofikiria kwamba watu wameweza kuipima tofauti hiyo kutokana na vidoa vya mwanga kwenye picha, huwa najawa na heshima kubwa kwa kazi hii.

Kinachowasaidia ni urefu wa tao, yaani muda kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho. Hale-Bopp iligunduliwa tarehe 23 Julai 1995, ikiwa bado mbali kuliko Mshtarii, lakini baadaye ilipatikana kwenye picha ya mwaka 1993 iliyokuwa imehifadhiwa bila mtu kuitambua. Picha moja ya zamani kama hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko mamia ya picha mpya, kwa sababu inalirefusha tao kwa miaka miwili upande wa nyuma. Katalogi za nyota za Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichopima mahali pa nyota, nazo zimesaidia mno, kwa kuwa mahali pa nyotamkia hupimwa kwa kulinganishwa na nyota, na nyota ikiwa imewekwa vibaya kwenye katalogi, nyotamkia nayo hukosewa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Tarakimu zilizomo kwenye jedwali la kawaida ni za obiti ya papo hapo: ni njia ambayo nyotamkia ingeifuata kuanzia tarehe iliyoandikwa kama sayari zote zingetoweka ghafla na kubaki Jua peke yake. Sayari hazitoweki. Mshtarii ina masi ya sehemu moja kwa 1,047 ya Jua, na inaivuta nyotamkia muda wote inapopita kati yetu. Kwa hiyo obiti ya papo hapo ya siku ya perihelioni, yaani siku ya kuwa karibu kabisa na Jua, haielezi nyotamkia ilikotoka wala inakokwenda. Inaeleza siku hiyo tu.

Njia sahihi ni kuirudisha nyotamkia nyuma hatua kwa hatua kwa kompyuta, huku mvuto wa sayari zote ukihesabiwa katika kila hatua, mpaka ifike mbali kabisa na sayari. Hapo ndipo tunapoisoma obiti, tena kwa kuipima kutoka kitovu cha masi cha mfumo mzima wa Jua, yaani nukta ya mizani ambayo Jua lenyewe na sayari zote huizunguka. Hiyo huitwa obiti ya asili. Kisha tunafanya vivyo hivyo upande wa mbele, na tunapata obiti ya baadaye. Wataalamu hawapendi kutaja miaka ya mzunguko moja kwa moja. Hutaja kinyume cha nusu ya mhimili mkuu (nusu ya urefu wa duaradufu, a, kwa vizio astronomia), yaani 1/a, kwa sababu ndicho kinachoonyesha nishati ya nyotamkia. Thamani ikiwa juu ya sifuri, nyotamkia imefungwa na Jua; ikiwa chini ya sifuri, iko huru.

Elis Strömgren alionyesha mwaka 1914 kwamba nyotamkia zilizodhaniwa kuwa na haipabola, zikirudishwa nyuma kwa njia hii, hugeuka kuwa na duaradufu. Mwaka 1950 Jan Oort alichukua nyotamkia 19 ambazo obiti zao za asili zilikuwa zinajulikana vizuri, akaona kwamba nyingi zimejikusanya kwenye thamani za 1/a zilizo chini ya 0.0001, na kutokana na mkusanyiko huo akahitimisha kuwa kuna hifadhi kubwa ya nyotamkia inayolizunguka Jua kwa mbali sana. Hilo ndilo Wingu la Oort. Hakuna aliyewahi kuiona nyotamkia ikiwa ndani ya wingu hilo. Tunalijua kwa sababu ya hesabu hizi za kurudi nyuma.

Kwa McNaught, hesabu ya kitovu cha masi inaonyesha kwamba imefungwa na Jua, na mzunguko wake ujao ni wa takriban miaka 90,000 na ushee. Haitoki. Ile 1.000019 niliyoishangilia ilikuwa ya muda mfupi tu.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwanzisha mada, shukrani kwa maelezo. Nimekufuata vizuri mpaka ulipofika kwenye kitovu cha masi. Jua lina zaidi ya asilimia 99 ya masi yote ya mfumo huu, na kitovu hicho hakiko mbali nalo. Inawezekanaje tofauti ndogo kiasi hicho igeuze duaradufu kuwa haipabola? Naomba mfano wa tarakimu, kwa sababu bila tarakimu nabaki kuamini tu.

#3 – Mwanzisha mada

Swali lako ndilo nililopaswa kujiuliza kabla ya kuandika yale niliyoyaandika kuhusu McNaught.

Mshtarii inapozunguka, Jua nalo huzunguka kitovu cha masi kwa kasi ya takriban mita 12 kwa sekunde, na mwelekeo wa mwendo huo hugeuka pande zote katika miaka karibu 12. Sasa chukua nyotamkia iliyo umbali wa vizio 100, inayokwenda kwa takriban km 4.2 kwa sekunde. Ukiipima kutoka kwenye Jua, unaipa au unaipunguzia mita hizo 12 za Jua lenyewe, kana kwamba ni mwendo wake. Nishati hutegemea mraba wa kasi, kwa hiyo mita 12 juu ya mita 4,200 zinabadilisha 1/a kwa takriban 0.0001. Linganisha na nyotamkia inayotoka katika Wingu la Oort, ambayo 1/a yake ya kweli inaweza kuwa 0.00003, sawa na nusu ya mhimili mkuu ya vizio 33,000 na mzunguko wa miaka milioni 6. Kosa ni mara tatu ya kitu chenyewe tunachokipima! Mwaka huu utaiona ina duaradufu, baada ya miaka sita utaiona ina haipabola, kisha duaradufu tena, na nyotamkia haijafanyiwa lolote njiani. Ni Jua linaloyumba, nasi tumesimama juu yake tukidhani kwamba anayeyumba ni mwingine.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe anaweza kuingia kwenye huduma ya Horizons ya JPL, maabara ya NASA, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Chagua nyotamkia, omba vipengele vya obiti, na mahali pa kitovu andika @0, ambayo ni alama ya kitovu cha masi cha mfumo wa Jua. Kwa tarehe, nyotamkia yenye njia inayokaribia parabola huchukua takriban miaka 75 kutoka karibu na Jua hadi vizio 100, na takriban miaka 300 hadi vizio 250, kwa hiyo usichukue tarehe za mwaka wa perihelioni. Nenda angalau karne moja nyuma na karne moja mbele. Ukirudia kazi hiyohiyo kwa kuweka Jua kama kitovu, utaziona tarakimu zikicheza kama nilivyoeleza.

#4 – Mchangiaji

Mkuu, naomba nikupinge kidogo, kwa nia njema. Umeandika kana kwamba nyotamkia ni jiwe linalovutwa na graviti pekee. Nyotamkia ni barafu na vumbi, na Jua likiipasha joto hutoa gesi upande mmoja kuliko mwingine, na gesi hiyo huisukuma kama roketi. Kama tofauti tunayoitafuta ni theluthi ya mita kwa sekunde, msukumo huo unaweza kuifunika kabisa. Hesabu inayoupuuza si hesabu.

#5 – Mwanzisha mada

Nakubaliana nawe, na nakiri kwamba niliruka jambo hilo ili posti ya kwanza isizidi kurefuka. Fred Whipple alieleza msukumo huo mwaka 1950, mwaka uleule wa kazi ya Oort. Mwaka 1973 Marsden, Sekanina na Yeomans walitoa mfumo wa hesabu ambao bado unatumika: msukumo unagawanywa katika vijenzi vitatu, A1 wa kutoka upande wa Jua, A2 wa kufuata mwelekeo wa mwendo, na A3 wa kutoka nje ya ubapa wa obiti, na nguvu yake inashuka kwa kasi nyotamkia inapovuka takriban vizio 3 kutoka kwenye Jua, ambako barafu ya maji haigeuki tena kuwa mvuke kwa wingi.

Matokeo yake yananivutia sana. Mara nyingi msukumo ukipuuzwa, obiti ya asili hutoka ikiwa na 1/a ndogo kuliko ilivyo, wakati mwingine hata chini ya sifuri, na nyotamkia inaonekana kana kwamba imetoka kwenye nyota nyingine. Ukiingizwa kwenye hesabu, nyingi kati ya hizo hurudi kwenye duaradufu. Małgorzata Królikowska na Piotr Dybczyński wa Poland wamefanya kazi hii kwa nyotamkia nyingi, moja baada ya nyingine, na kitu ninachokipenda katika utaratibu wao ni kwamba hawaridhiki na obiti moja: hutengeneza maelfu ya obiti zinazokubaliana na vipimo vilevile, wanazirudisha zote nyuma, na jibu linakuwa ni kundi lenye upana wake, si nukta.

Kwa hoja yako hiyohiyo, nyotamkia zisizokaribia Jua ndizo zenye historia inayosomeka vizuri zaidi. Bernardinelli-Bernstein, C/2014 UN271, ilipatikana kwenye picha za mwaka 2014 ikiwa umbali wa takriban vizio 29, karibu sawa na Neptun, na itafika perihelioni Januari 2031 bila kuvuka ndani ya vizio 10.9. Gesi inaweza kuisukuma, lakini si kwa nguvu ya barafu ya maji inayochemka karibu na Jua. Upande wa pili ni ISON, C/2012 S1: obiti yake ya baadaye ilikwisha kukokotolewa kwa makini, lakini tarehe 28 Novemba 2013 ilipita takriban km milioni 1.9 kutoka katikati ya Jua, ikasambaratika. Hesabu ilikuwa nzima. Nyotamkia ndiyo haikuwepo tena ya kuifuata.

#6 – Mchangiaji

Naomba kuuliza mambo mawili. Mosi, Mshtarii inaweza kubadilisha obiti kwa kiasi gani hasa? Pili, tunajuaje kwamba hesabu hizi zinasema kweli, ikiwa hakuna anayeishi miaka 4,000 kuzihakiki?

#7 – Mwanzisha mada

Nianze na la kwanza. Nyotamkia inayopita kati ya sayari hubadilishwa 1/a yake kwa wastani wa takriban 0.0005, juu au chini. Hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko 0.00003 iliyokuja nayo, na maana yake ni kwamba nyotamkia mpya kutoka Wingu la Oort karibu haina nafasi ya kurudi ilikotoka: karibu nusu yao hupata nishati na kuondoka moja kwa moja, na nyingine hupoteza nishati na kufungwa kwenye mizunguko mifupi zaidi. Hale-Bopp ilipita vizio 0.77 kutoka Mshtarii mwezi Aprili 1996, mwaka mmoja kabla ya perihelioni yake, na mzunguko wake ukashuka kutoka takriban miaka 4,200 hadi takriban miaka 2,390. Itarudi karibu na mwaka 4385. Hyakutake ya mwaka huohuo wa 1996 ilikwenda kinyume, kutoka takriban miaka 17,000 hadi makumi ya maelfu mengi zaidi. Mfano mkali kuliko yote ninaoujua ni C/1980 E1, iliyogunduliwa na Edward Bowell. Ilikuja ikiwa na mzunguko wa takriban miaka milioni 7, ikapita vizio 0.23 kutoka Mshtarii mwezi Desemba 1980, ikatoka ikiwa na eksentrisiti ya 1.057. Hiyo ni haipabola ya kweli, na haitarudi. Mtu akiisoma tarakimu hiyo peke yake bila obiti ya asili, atasema ni mgeni kutoka nyota nyingine, wakati ni mzaliwa wa hapa aliyefukuzwa.

Kuhusu swali la pili, tunao uhakiki wa aina mbili. Ule wa zamani ni wa nyotamkia Halley. Mzunguko wake ni mfupi, lakini hesabu ni ileile: Clairaut, Lalande na Nicole-Reine Lepaute walihesabu kwa mkono namna Mshtarii na Zohali zingeichelewesha, wakatabiri perihelioni ya katikati ya Aprili 1759, nayo ikafika tarehe 13 Machi 1759. Walikosea kwa mwezi mmoja katika mzunguko wa miaka 76, na hawakuwa wanajua kwamba Uranus na Neptun zipo.

Uhakiki wa pili unahusu nyotamkia za muda mrefu zenyewe, yaani zenye mzunguko wa zaidi ya miaka 200. Ikeya-Zhang ilipogunduliwa mwaka 2002, obiti yake ilipokokotolewa na kurudishwa nyuma ilielekeza kwenye nyotamkia iliyoangaliwa na Johannes Hevelius mwaka 1661. Vipimo vya Hevelius vilipowekwa pamoja na vya 2002, vyote vilikaa kwenye obiti moja, na nyotamkia hiyo ikapewa namba ya kudumu, 153P. Kati ya mara hizo mbili ilipita miaka 341, ilhali obiti yake ya papo hapo ya mwaka 2002 inaandikwa kuwa ya miaka 366 hivi. Ukichukua 366 na kuzitoa kwenye 2002, unafika mwaka 1636 na hukuti kitu.

#8 – Mchangiaji wa #2

Nimeijaribu Horizons kama ulivyoelekeza, nikaichukua McNaught. Kwa kitovu cha Jua, 1/a ilipanda na kushuka kadiri nilivyobadilisha miaka. Kwa kitovu cha masi, baada ya mwaka 2050 ilitulia kabisa, na eksentrisiti ikawa chini ya 1 kila tarehe niliyoijaribu. Nimebaki na swali moja: tukiendelea kurudi nyuma mamilioni ya miaka, utulivu huo unaendelea mpaka lini?

#9 – Mwanzisha mada

Hauendelei. Ukivuka mamia ya vizio, sayari hazina sauti tena, lakini mvuto wa diski ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, unaanza kuivuta nyotamkia polepole. Unabadilisha zaidi umbali wa perihelioni kuliko nishati, na ndio huo unaozileta nyotamkia za Wingu la Oort karibu na Jua. Kwa hiyo nyotamkia tunayoiona leo kwenye vizio 1 huenda mzunguko uliopita haikukaribia hata Zohali. Juu ya hapo kuna nyota zinazopita. Gliese 710 itapenya kwenye Wingu la Oort baada ya takriban miaka milioni 1.3, na kwa nyotamkia ambayo mzunguko wake ujao ni wa mamilioni ya miaka, tarehe ya kurudi itategemea nyota hiyo imepita upande gani na nyotamkia yenyewe ilikuwa wapi siku hizo. Kwa NEOWISE na Hale-Bopp, ambazo haziendi mbali kiasi hicho, jambo hilo halina uzito, na ndiyo maana kwao tunaweza kutaja miaka bila woga.